TAHADHARI: Waya feki "wa baharini", na muuzaji anayekupimia ubovu kwa simu ili akuuzie vingine

Wavuvi wenzangu na yeyote mwenye boti inayotumia betri, naomba msome hii kabla hamjatuma hela ya waya kwa mtu wa mtandaoni. Mimi nimeshapigwa mara tatu na mtu yule yule na zote zilianzia kwenye rola moja ya waya.

Iko hivi. Nilikuwa nataka kubadilisha waya wote kwenye boti, wa taa, wa kile kifaa cha kutafutia samaki na wa pampu ya kutoa maji ya ngama (pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapojikusanya), nikampata jamaa ana picha safi kabisa, rola zimeandikwa waya wa baharini, shaba iliyopakwa bati, 2.5 (ukubwa wa waya, milimita za mraba). Bei yake ilikuwa chini kidogo ya wengine, sio ile ya kukutia wasiwasi. Nikanunua, nikafunga mwenyewe, kila kitu kikawaka, nikamwandikia na ahsante juu.

Baada ya wiki kadhaa pampu ikaanza kuzunguka kwa shida, inaunguruma kama imebeba mzigo, maji yanatoka kidogo kidogo. Nikamuuliza yeye maana ndo nilikuwa namwamini. Akaniambia chomoa pampu, weka mita ya kupimia umeme kwenye zile ncha mbili za waya, soma. Nikasoma volti 12.5. Akasema unaona sasa, umeme unafika wote, waya mzima, hiyo pampu ndo imekufa, na ninazo. Nikanunua. Ikaenda siku chache, ikarudi kule kule. Safari hii akasema betri haishiki moto, nikachukua na betri kwake.

Usiku mmoja tuko na nyavu majini, bahari imechafuka kiasi, pampu mpya na betri mpya, na maji yanapanda kwenye ngama hadi yanagusa mbao za kukanyagia. Kifaa cha samaki kinazima na kuwaka kila pampu ikiingia. Tulifua maji kwa ndoo watu watatu kwa kupokezana mpaka tukakata nyavu moja tukarudi. Mtu mwenye boti anajua kukata nyavu kunauma vipi, lakini nilikuwa naangalia wale vijana wawili nilionao nikaona hapana.

Tulivyofika fundi mmoja mzee akaniambia rudia kile kipimo lakini pampu iwe imefungwa na inazunguka. Hapo ndo nikaona. Kwenye betri 12.4, kwenye pampu 10.3. Yaani zaidi ya volti 2 zimepotelea njiani! Kile kipimo cha kuchomoa pampu hakiwezi kukuonyesha hicho kitu, kwasababu kama hakuna umeme unaopita hakuna kinachopotea, hata waya uliobakiza uzi mmoja utakusomea 12.5. Kwahiyo yule jamaa alinipa kipimo ambacho lazima kiseme waya ni mzima. Mimi naamini alikuwa anajua anachofanya.

Kisha akachukua kisu akakwangua uzi mmoja tu wa waya. Juu rangi ya fedha, hapo sawa, ni bati. Chini yake wekundu mwembamba wa shaba, nikasema si ndo huo wenyewe? Akakwangua tena kidogo, ukatoka weupe. Ni aluminiamu, imevishwa shaba nyembamba halafu ikapakwa bati. Waya wa kweli ukiukwangua ni mwekundu mpaka katikati. Tukaumenya vizuri tukakuta plastiki nene nene na ndani nyuzi chache, hiyo 2.5 iliyoandikwa juu haipo kabisa.

Na kwenye viungo ndo kubaya zaidi. Aluminiamu ikikutana na shaba halafu maji ya chumvi yakapita hapo, inayoliwa ni aluminiamu. Nilivyofungua kiungo cha pampu nilikuta unga mweupe kama chokaa, nyuzi nyingi zimeshakatika, na plastiki imelainika kwa joto. Fyuzi haikukatika hata mara moja, maana fyuzi niliiweka kwa kuamini ni waya wa shaba wa 2.5, sasa waya mdogo wa aluminiamu unachemka wakati fyuzi inaona mambo shwari. Kwenye boti yenye petroli, jamani.

Kwahiyo mkitaka kununua, muombe muuzaji akate kipande mbele ya kamera, akwangue uzi mmoja hadi kiini. Shikeni na uzito, rola ya aluminiamu ni nyepesi sana ukilinganisha na ya shaba ya urefu na unene ule ule. Na kama mmeshafunga tayari, washeni kila kitu kisha mita ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu ikiwa inazunguka, halafu upande wa hasi hivyo hivyo. Jumlisheni. Kwenye mfumo wa volti 12, pampu na taa za usalama hazitakiwi kupoteza zaidi ya kama 0.4 kwa jumla. Mimi upande wa chanya peke yake ulisoma 1.3. Pia pitisheni mkono kwenye viungo, panapochemka pana tatizo.

Nilimtumia picha za ule uzi uliokwanguliwa. Akasoma, hakujibu, kesho yake kanifungia. Juzi nimeona picha zile zile za rola kwenye ukurasa wenye jina jingine, hata kona ya meza ni ile ile, na chini yake kuna mtu anauliza mbona taa zake zinafifia, naye anamwambia achukue betri.

Mimi nimeng'oa waya wote nikaweka wa shaba, viungo nimeviminya na kuvifunika na mpira wa kusinyaa kwa moto. Ile pampu ya kwanza kabisa, ile aliyosema imekufa, nilikuwa sijaitupa. Nimeirudisha. Jana imekausha ngama yote, na mita ilisoma 12.1 pale pale kwenye pampu.