Chuo cha Jimbo au Chuo Binafsi Tajiri kwa Anayeelekea Sheria Marekani

Nchini Marekani sheria haisomwi mara tu baada ya sekondari: mwombaji humaliza kwanza shahada ya miaka minne katika fani yoyote, na kwa kawaida hufanya LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, kisha husoma sheria kwa miaka mitatu. Kwa aliye wa kwanza katika familia yake kwenda chuo, tena asiye na fedha, linalohitaji kupimwa zaidi ya jina la chuo ni deni atakalotoka nalo kabla ya hiyo miaka mitatu.

Vyuo binafsi vyenye hazina kubwa huwatisha wengi kwa bei iliyotangazwa, na hapo ndipo wanapokosea. Princeton iliondoa mikopo katika misaada yake mwaka 2001, na Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haitozi ada, chakula wala malazi kwa familia yenye mali za kawaida na kipato kisichozidi dola 100,000. Kikwazo ni mlango. Harvard hupokea waombaji wasiofika watano katika kila mia, kwa hiyo orodha iliyojaa vyuo vya aina hiyo pekee ni bahati nasibu.

Chuo cha jimbo la nyumbani kwa kawaida kina mlango mpana zaidi na ada nafuu kwa wakazi, ila ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambayo kikomo chake kwa 2025–26 ni dola 7,395, mara nyingi haitoshi hata malazi na chakula. Mimi ningeanza na viwili au vitatu vya jimbo, nikishakadiria gharama halisi kwa kikokotoo kilichomo katika tovuti ya kila chuo, ndipo niongeze vya kubahatisha.