Hailaiti ya Word, uzoefu wangu baada ya miaka 6 ya kutaipu

Niko steshenari nje ya geti la chuo, mwaka wa 6 huu nataipu ripoti na tasnifu za wanafunzi kwenye Microsoft Word, na kitufe ninachobonyeza kuliko vyote ukitoa kusevu ni ile kalamu ya hailaiti, inayopaka rangi nyuma ya maandishi. Nikiweka njano ujue mwandiko wa mteja sijauelewa, aje asome mwenyewe. Kijani ni namba ya jedwali ambayo haijumliki. Pinki ni chanzo amekitaja ndani ila kwenye marejeo hakipo. Mteja akifika sina maneno mengi, nafungua tunafuata rangi tu, kurasa 80 tunazimaliza chap.

Kwa kazi hiyo hailaiti naipenda sana jamani. Hata kuselekti sio lazima, bonyeza kalamu ukiwa hujachagua kitu, kishale cha mausi kinageuka kalamu unapita unapaka kama unavyopaka kitabu kwa hailaita ya mkononi, ukimaliza Esc. Na wengi hawajui kwamba Word inakutafutia hailaiti yenyewe, bonyeza Ctrl+H, nenda More, Format, chagua Highlight, pale pa kuandika neno acha patupu, kila ukigonga Find Next inakupeleka kwenye rangi inayofuata. Mimi siprint kazi ya mtu kabla sijapitisha hiyo.

Nimejifunza kwa uchungu. Kuna dada alikuwa anawahi kukabidhi, nakala 4, tukaprint blakandiwaiti mpaka baindingi tukapiga, kufungua tunakuta michirizi ya kijivu katikati ya aya, zile njano zangu mbili tatu nilizisahau na macho yalishachoka hayazioni tena. Nikafungua nakala zote 4 nikarudia zile kurasa kwa pesa yangu, dada wa watu amesimama mlangoni anaangalia saa. Iliniuma sana siku ile.

Sasa kinachosumbua ni hiki, Word ina aina mbili za rangi ya nyuma ya maandishi na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kuna hailaiti, halafu kuna shedingi, ile ya alama ya ndoo ya rangi. Hailaiti ina rangi 15 basi, huongezi, ndoo inakupa rangi yoyote unayotaka. Mteja akileta faili alilolifanyia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, njano yake inaweza kuingia Word kama shedingi (kule kwenye mipangilio yao kuna mahali unachagua isevike kama ipi), utaselekti, utaenda kwenye kalamu, No Color, na njano iko palepale, na ile Find nayo haiioni kabisa. Halafu kile kifutio chenye herufi A kinaondoa bold, italiki na shedingi ya maneno, ila hailaiti hakiigusi. Mara ya kwanza nilijua faili limeharibika.

Ila inayoumiza zaidi ni nyeupe. Ukikopi kitu mtandaoni ukapesti, mara nyingine kinakuja na rangi yake ya nyuma, kijivu utaiona, nyeupe utaionaje wakati karatasi yenyewe nyeupe? Kaka mmoja alitaka neno RASIMU lipite kwa nyuma kila ukurasa, likatoka limekatika, herufi M imeliwa mistari mitatu nzima, tumehangaika na printa, tumebadilisha wino, kumbe ile mistari mitatu ina shedingi nyeupe inaziba. Nikaselekti, Ctrl na spesi, ikatoka, lakini italiki za majina ya vitabu nazo zikaondoka, nikazirudisha moja moja. Tangu hapo cha mtandaoni napesti maandishi matupu, sitaki rangi ya mtu.

Na rangi ambayo itabaki mpaka kazi ya mwisho, mfano boksi la tahadhari kwenye mwongozo wa maabara, hapo hailaiti siitumii kabisa, naweka ndoo, kijivu chepesi ambacho hata printa ya kawaida haifichi herufi, tena naiweka ndani ya staili, yaani mwonekano ulioseviwa kwa jina, mteja akitaka rangi nyingine nabadilisha sehemu moja tu na maboksi yote yanafuata. Hailaiti haikubali kuingia kwenye staili, na kama Microsoft wangenisikiliza kitu kimoja tu ningewaomba hicho, maana zile rangi zangu tatu kila siku nazipaka kwa mkono na kuzitoa kwa mkono.