Orodha ya Mavazi Iliyonipandisha Mlima Elgon na Kaptura Mbili

Nitaanza kwa kuwatendea haki. Safari ya siku tatu ya Mlima Elgon niliyolipia hapa Kisumu haikuwa mbaya: gari lilikuja kwa wakati, chakula kilitosha na kusaza, na mzee aliyetuongoza mlimani ni mtu ninayeweza kumfuata hata gizani. Kama ningeulizwa tukiwa bado njiani, ningewapa alama nane kwa kumi. Kilichoniudhi ni karatasi moja, yaani orodha ya mavazi tuliyotumiwa na kampuni kabla ya kuondoka, pamoja na maneno niliyoambiwa niliporudi kuilalamikia.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka si wa mbali. Orodha ilitangulia kwa kutupongeza kwamba tumechagua kusafiri "mwanzo wa kiangazi", kwa hivyo hatukuhitaji kujitwisha nguo nzito. Tubebe kaptura mbili, fulana tatu za pamba, suruali ya jinzi ya kuvaa jioni, jaketi jepesi la kukinga upepo na nguo ya kuogelea. Nguo zote tuzifunge katika mifuko ya plastiki ya dukani ili zisilowe. Mwisho kabisa tulionywa tujihadhari na mabaki ya theluji ya majira ya baridi yaliyopita. Niliisoma nikiwa sebuleni kwangu, jasho likinitiririka mgongoni kama ilivyo desturi ya Kisumu, na nikaiona kuwa orodha ya watu wastaarabu.

Hapa sina budi kukiri jambo linaloniaibisha, kwamba mimi hufundisha Jiografia. Kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Koitobos, kilicho upande wa Kenya wa mlima huo, kinapita mita 4,200. Mtoto wa kidato cha kwanza angetoa, azidishe, na akuambie kwamba kule juu kutakuwa na baridi kuliko hapa kwa karibu nyuzi 20. Tena najua vizuri kwamba kiangazi cha Juni ni cha Ulaya na Marekani. Sisi tulio kando ya ikweta hatuna habari nacho, na katika Trans Nzoia, kaunti ulipo upande huo wa mlima, mvua ikishaanza Machi au Aprili huendelea hadi Oktoba. Nilijua yote hayo, na bado nilizikunja kaptura mbili nikazitia begini. Karatasi iliyochapwa vizuri na kupigwa muhuri ina namna yake ya kumnyamazisha mtu.

Kitu pekee nilichokataa ni ile mifuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za wanyama. Kampuni inayowapeleka watu mbugani kila wiki ilikuwa inatuagiza tufike langoni na magendo.

Siku ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Tulipita Endebess, tukaingia kwa lango la Chorlim, jua likiwaka, tukaoneshwa pango la Kitum ambako ndovu huingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Kaptura ilinifaa na nikaanza kuisifu orodha.

Siku ya pili mvua ilitukuta baada ya kuupita msitu wa mianzi. Lile jaketi la upepo lilistahimili kwa muda wa kumenya chungwa, kisha likanigandama mwilini. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, wala haikauki ukiwa unatembea katika ukungu. Fulana ikilowa huwa inakunyang'anya joto badala ya kukutunzia. Nilikuwa nimevaa jinzi kwa kuogopa baridi, na ilipolowa ikawa nzito kiasi kwamba kila hatua nilihisi kama ninavuta mtoto aliyenikumbatia mguuni. Mzee kiongozi aliniangalia, akanihurumia, akasema kwa upole, "Mama, hiyo jinzi itakuchosha kuliko mlima wenyewe."

Yeye alikuwa amevaa gambuti, na nguo zake za akiba alizibeba katika gunia la mbolea lenye mfuko wa nailoni ndani, kama yale wanayobaki nayo wakulima wa mahindi huko chini. Kutoka humo alitoa sweta ya sufu iliyokauka kabisa na boshori, akanipa vyote viwili. Jioni, tukiota moto uliokuwa ukitoa moshi zaidi ya joto, alinieleza yale ambayo orodha ilipaswa kuyaeleza. Nguo ya kushika mwili isiwe ya pamba. Juu yake pavaliwe sweta, ya sufu au ya nyuzi za viwandani, kwa sababu hizo hata zikilowa huacha joto kiasi. Nje kabisa liwe koti la mvua la kweli. Jozi moja ya soksi ni ya kulalia tu na haiguswi mchana hata soksi nyingine zote zikiwa zinachuruzika maji. Kofia ya jua ibebwe vilevile, maana mawingu yakifunguka, jua la juu huko huchoma haraka kuliko la Kisumu. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Wenzangu walipanda Koitobos. Mimi nilibaki kambini nikikausha jinzi, nikakitazama kilele kwa mbali kati ya milobelia, ile mimea mirefu ya mlimani.

Niliporudi nilikwenda ofisini kwao, si kudai fedha, bali kuwaomba waibadilishe karatasi. Nilimkuta kijana aliyeniuzia safari. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, nikiwa bado na kikohozi. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mama, lakini wenzako wote walirudi wazima."

"Kijana wangu, nakuuliza kuhusu orodha. Hiki kiangazi cha Juni ni cha nani?"

"Juni ni kiangazi, hata intaneti inasema hivyo. Labda wewe ndiye huna mazoea ya kutembea."

Nilisimama pale nikakosa neno, mimi ninayelipwa kwa kuzungumza. Zile alama nane zilishuka hadi mbili kabla sijaufikia mlango. Nilipokuwa kwenye bodaboda nikazirudisha hadi tano, kwa sababu nusu ya kosa ni langu na kwa sababu sweta ile ya mzee bado nilikuwa nimeivaa (nilimrudishia baadaye, imefuliwa, pamoja na kilo mbili za samaki wakavu). Kisha nikakumbuka "huna mazoea ya kutembea", na tano hiyo nikaifuta. Sijui leo niwape ngapi. Kiongozi nampa kumi bila kufikiri. Aliyeinakili ile karatasi kutoka nchi ya watu, bila kuchungulia dirishani aone mvua inayonyesha, hastahili hata alama ya kuandika jina lake.

Juzi binamu yangu amelipia safari hiyohiyo ya Desemba, ambao kule mlimani ndio mwanzo wa kiangazi chetu hasa, na njia huwa kavu. Ametumiwa orodha mpya. Wamebadilisha kichwa tu: sasa inasema "mwanzo wa majira ya baridi" na inamtaka abebe buti za theluji. Nguo ya kuogelea ingalimo. Nimemwambia aende, ila aombe apewe mzee yuleyule, na begi lake nimelipanga mwenyewe.