Miezi mitano na mashine ya mkono ya kusagia nyama: kababu zangu hazidondoki tena

Mashine yenyewe haina jina. Boksi lake lina picha ya soseji na maandishi ya Kichina, na kwenye chuma kumechorwa namba 10 tu, ambayo ni saizi. Niliinunua mjini Nairobi, chini ya River Road, kwa shilingi 2,800. Muuzaji alianzia 3,500, nami nikajifanya naondoka. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Ramadhani, na tangu hapo imesaga nyama ya kababu karibu kila Jumamosi.

Kababu ninayoisema ni ile ya mkaa, inayofinyangwa kwenye kijiti bapa cha chuma. Wahindi na Wapakistani wanaiita seekh kababu, na hiyo seekh ndiyo kijiti chenyewe. Sisemi ile ya hotelini, iliyochanganywa na chenga za mkate, ikavikwa yai na kuzamishwa kwenye mafuta. Ile naila vizuri tu na chai ya saa nne, lakini mkate na yai husitiri madhambi mengi. Kababu ya mkaa haina cha kuisitiri.

Kwa miaka nilikuwa nanunua nyama iliyosagwa tayari buchani. "Nisagie kilo, weka na mafuta kidogo." "Sawa mathe." Halafu mkono unaingia kwenye sinia la vipande vya jana, mashine inanguruma, na mfuko unafungwa kabla sijaona kitu. Wiki hii nyama kavu kama mbao, wiki ijayo mafuta matupu, na siku moja nikauma kipande cha mfupa. Idd ya mwaka jana, kabla ya mashine hii, nilichoma vijiti ishirini mbele ya wageni, na kumi na viwili vikamwaga nyama ndani ya jiko. Shemeji yangu akatazama moshi, akauliza, "Shemeji, hizi ni kababu ama ni sadaka ya jiko?" Bado hajaacha kuisimulia.

Dawa nilizopewa zilikuwa nyingi. Ongeza yai. Ongeza unga wa dengu. Loweka slesi mbili za mkate. Nilijaribu zote, na kweli nyama ilishika, lakini nikajikuta nakula kababu ya hotelini iliyopotea njia ikafika kwenye mkaa.

Siku ya kwanza na mashine nayo ilikuwa aibu. Nyama ilitoka kama uji, na mishipa ikajizungusha kwenye kisu hadi mpini ukagoma. Nikaitukana mashine wiki nzima. Kumbe kisu nilikiweka kinyume! Kile kisu chenye mikono minne kina upande bapa na upande uliobinuka, na upande bapa ndio unaotazama sahani yenye matundu. Ukigeuza, hakikati, kinaponda. Ndani ya boksi hakukuwa na karatasi ya kueleza hata neno moja, na kwa hilo nawakata nusu nyota.

Faida ya mashine hii, kwangu, ni kwamba sasa najua kilichoingia ndani. Naenda soko la nyama la Burma mapema, nachagua kipande cha bega mbele ya macho yangu, halafu naomba nundu. Nundu ya ng'ombe ina mafuta yaliyoingiana na nyama, na kwa kababu sijapata kitu bora. Kila kilo natumia gramu 800 za bega na 200 za nundu. Nikikosa nundu nachukua mafuta ya mkia wa kondoo wa Kisomali, yule mwenye kichwa cheusi. Waturuki wa Adana nao hutumia mafuta ya mkia kwenye kababu yao, ila wao hukata nyama kwa kisu kikubwa, hawana haja ya mashine. Nilijaribu kisu siku moja. Majirani wa chini walipanda kuuliza kama tunavunja ukuta.

Jambo la pili ni baridi. Nakata nyama vipande vya upana wa vidole viwili, natia kwenye friza nusu saa hadi ianze kukakamaa, na kisu na sahani ya mashine vinaingia humo humo. Mafuta yakipata joto hayakatiki, yanajipaka, yanaziba matundu, na baadaye kwenye moto yanatiririka yote mara moja na kuacha nyama imekauka na kupasuka. Mashine ya mkono haichemki kama ile ya buchani inayozunguka kutwa, kwa hiyo hapa mwendo wa polepole umenisaidia.

Ninasaga mara mbili, kwanza sahani ya matundu makubwa, kisha ndogo. Katikati ndipo viungo vinaingia: bizari nyembamba na mbegu za dania nilizozikaanga bila mafuta na kuzitwanga, pilipili manga, mdalasini wa kunusisha tu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi moja, na majani ya dania. Kitunguu maji nakikwaruza pembeni na kukikamua kwa kitambaa hadi kilie. Maji yake ndiyo yaliyokuwa yakiniangusha miaka yote hiyo, maana nilikuwa nakimimina kitunguu kizima kizima na juisi yake.

Chumvi ni gramu 15 kwa kilo, kama vijiko viwili na nusu vya chai, na baada ya hapo nakanda kwa mkono dakika sita au saba. Chumvi na kukanda huitoa protini ya nyama ikawa kama gundi. Utaiona: nyama inabadilika, inavuta nyuzi, na ukigeuza kiganja chini bonge halianguki. Hiyo ndiyo inayoshika kababu, na mashine haiwezi kukufanyia. Baadaye saa moja au mbili kwenye friji.

Vijiti nilitengenezewa Kamukunji. Mashine haiji navyo, na vile vya duara vya dukani vina ujinga mmoja: unageuza kijiti, nyama inabaki pale pale inakutazama. Nilimwambia fundi nataka bapa, upana wa kidole kidogo, na nisipewe chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Akacheka, akasema, "Mama, wewe umeshasoma," akanikatia sita kutoka kwenye kipande cha chuma kisichoshika kutu. Jikoni havilazwi kwenye wavu. Natega matofali mawili pande za jiko, vijiti vinaning'inia juu ya makaa yaliyofunikwa na jivu jeupe, na nyama haigusi chochote. Geuza kila nusu dakika mwanzoni mpaka ishike pande zote. Na iive hadi katikati kabisa, nyuzi joto 71 kama una kipimajoto. Nyama ya kusaga si kama kipande cha choma unachoweza kukila kikiwa na wekundu ndani. Vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vimeshachanganywa mpaka katikati.

Sasa malalamiko. La kwanza ni ile skrubu ya kubania mezani. Meza yangu ya jikoni ni saruji yenye kabati chini, haina ukingo wa kubania, kwa hiyo nasagia kwenye stuli ya mbao sebuleni kama mtu anayetengeneza baiskeli. Bila kitu laini katikati inateleza na kuchubua mbao. Nilikata kipande cha akala kuukuu nikakipachika pale, na haijasogea tena.

La pili ni kutu. Hiki ni chuma cha kumimina kilichopakwa bati jepesi, na usiku mmoja tu kwenye kichanja cha vyombo ulitosha kuleta madoa ya kahawia ndani ya shingo. Kuanzia hapo sijailoweka. Napitisha kipande cha mkate mkavu kisukume mabaki, naosha kwa maji ya moto, nakausha kila kipande juu ya jiko, napaka mafuta ya kupikia, nafunga kwenye gazeti. Kama wewe ni mtu wa kuacha vyombo hadi asubuhi, ongeza pesa utafute ya chuma kisichoshika kutu.

La tatu ni mkono. Kilo moja ni kama dakika kumi kwa kila mzunguko, na mizunguko ni miwili. Kijana wangu husaga kilo ya kwanza kwa sifa, ya pili anakumbuka ana homuweki. Ukipikia watu zaidi ya kumi kila wiki, nunua ya umeme.

Nyota nne. Ile ya tano imegawanywa kati ya kutu na karatasi ya maelezo ambayo haikuwepo.

Kisu kimeanza kuwa butu, nimeona mishipa ikianza tena kujizungusha. Mnoaji wa visu wa Gikomba ameniambia nikilete pamoja na sahani, avisugue pamoja juu ya kioo kwa msasa ili vigusane sawasawa. Nitavipeleka wiki hii. Shemeji ameshapiga simu kuuliza tunachoma lini, nikamwambia safari hii mkaa analeta yeye.