Mpelelezi Asiyeona Gizani na Mkodishaji Aliyenimalizia Kitabu

Nilikusudia kuandika sifa tupu. Kwa miezi kadhaa mimi na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, tumeishi na Vicki Nelson, mpelelezi wa riwayani, kama mtu wa nyumbani, na laiti ningekaa kuandika juma moja kabla ya siku ile ya mkodishaji, maneno haya yangekuwa na ladha nyingine kabisa. Sasa naandika nikiwa na donge kooni. Msomaji anisamehe nikichanganya kitabu na mtu aliyenikodisha kitabu, kwa maana kwangu mimi viwili hivyo bado havijatengana. Anayetaka kuvisoma vitabu hivi bila kujua mwisho wake aishie hapa. Mimi sikupewa onyo hilo.

Ninavizungumzia vitabu vitano vya upelelezi na wanyonya damu vya Tanya Huff, mwandishi wa Kanada, cha kwanza kikiwa kimetoka mwaka 1991 na cha mwisho 1997. Kwetu Lubumbashi, Kongo, riwaya za Kiingereza za namna hii hupitia mpakani Kasumbalesa zikitokea Zambia, zimekwisha kukunjwa na kuandikwa majina ya watu pembezoni, kisha hutandazwa juu ya turubai katikati ya mji, ambapo ukiacha dhamana unaondoka na kimoja na kulipa franka chache kila juma. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo mwanzoni nilijidanganya kwamba ninavichukua kwa ajili ya kazi.

Vicki alikuwa mpelelezi wa polisi mjini Toronto, tena mpelelezi hodari, hadi macho yake yalipoanza kumsaliti. Ugonjwa wake huitwa retinitisi pigmentosa, na hauna haraka: kwanza humnyang'anya mtu usiku, halafu huanza kula pembe za mchana, mpaka anabaki kuuona ulimwengu kama anayechungulia kwenye bomba. Polisi walikuwa tayari kumpa meza na makaratasi, naye akakataa, akaacha kazi na kuanza kupeleleza kwa malipo ya watu binafsi. Katika kurasa za kwanza kabisa anasikia ukelele wa mtu anayeuawa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, naye, asiyeweza kuona vizuri mahali penye giza, anaukimbilia ukelele huo badala ya kuukimbia. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikamwita yaya.

Yaya wangu naye haoni gizani. Jua likianza kuzama mtaani kwetu Katuba, utamwona akiweka kiganja ukutani na kuanza kuhesabu hatua kutoka jikoni hadi mlangoni: tisa, kisha ngazi moja, kisha nne. Hapendi kushikwa mkono. Umeme ukikatika, sisi wengine tukianza kupapasa na kugonga vigoda, yeye hutembea bila shida katikati yetu na kusema, "Karibuni kwangu." Ndivyo tulivyoanza. Baada ya bukari, yaani ugali, na kuosha vyombo nilikuwa ninakaa na tochi ya simu begani, ninasoma sentensi kwa Kiingereza kimyakimya, kisha ninamwambia kwa Kiswahili, naye ananisimamisha kila mara kama hakimu. Je, Vicki naye huudhika watu wanapomsaidia kabla hajaomba? Huudhika, tena sana. Je, husema uongo kwamba ameona? Husema. "Basi aliyeandika anamjua mtu wa namna hii," alisema yaya, na kuanzia hapo hakuna jioni aliyokubali niipitishe.

Kuhusu mnyonya damu anayemsaidia Vicki tulikuwa na ubishi. Huyu ni Henry Fitzroy, na jina hilo halikubuniwa: mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alikuwa kweli na mwana wa nje ya ndoa aliyeitwa hivyo, aliyezaliwa mwaka 1519 na kufa 1536. Mwandishi anadai tu kwamba hakufa vizuri, na kwamba yuko Toronto, anaishi kwa kuandika riwaya za mapenzi. Wazo hilo lilinichekesha sana, ila mimi nimekuzwa na bibi ambaye hakuchezea habari za damu. Yeye alikuwa msichana wakati mji huu ulipoitwa Elisabethville, na watu wa enzi hiyo waliwaogopa batumbula, waliosemekana kuwateka watu usiku na kuwapeleka kwa wazungu, kama vile watu wa pwani walivyowaogopa mumiani. Kwa bibi, mtu anayetembea usiku akitafuta damu ya wenzake hakuwa na sura nzuri wala shati la hariri. Alikuwa na gunia. Kwa hiyo kila Henry alipomkaribia Vicki mimi nilisikia sauti ya bibi. Yaya, kinyume chake, alicheka tu. "Huyu mtoto wa mfalme," aliniuliza, "mahari ataileta saa ngapi, ikiwa mchana hawezi kutoka?" Hata hivyo alimpenda. Mimi nilikuwa upande wa Mike Celluci, polisi mwenzake Vicki wa zamani, anayegombana naye kwa sauti ya juu na kurudi tena kesho yake. Kitabu cha pili, chenye ukoo wa watu wanaogeuka mbwa mwitu na kufuga kondoo, kilitupendeza mno. Cha tatu, cha maiti iliyokaushwa ya Misri, kilinichosha, nikakisoma kwa heshima tu.

Sasa nije kwa yule bwana.

Ilikuwa siku moja ya mvua, alasiri, mawingu yamejaa hata magari yamewasha taa. Nilikuwa nimemchukua yaya twende naye mjini kwa sababu alitaka kukipokea kitabu cha nne kwa mikono yake, na kwa kuwa giza lilikuwa limewahi, alikuwa ameshika bega langu, jambo ambalo kwake si dogo. Mkodishaji alikuwa anafunika vitabu vyake kwa nailoni. Nilimsalimu kwa adabu, "Papa, habari za mvua," nikamrudishia cha tatu na kumwomba cha nne. Alikitoa chini ya rundo, akakipangusa kwa mkono wa shati, na kabla hajanipa akacheka.

"Mama Mwalimu, bado mnamhangaikia yule kipofu? Msipoteze pesa zenu. Mwisho wa hiki anataka kufa, yule mnyonya damu anamgeuza awe kama yeye, macho yanapona, anaona usiku kama paka." Kisha akatazama mkono wa yaya juu ya bega langu, akaongeza kwa sauti ya kutosha wote waliojikinga mvua pale kusikia, "Na wewe Mama, tukutafutie wako?"

Watu wakacheka. Labda hawakucheka wote. Katika kumbukumbu yangu wamecheka wote. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema barabarani, nikadai dhamana yangu, naye akajibu kwa upole wa kuudhi kuliko matusi kwamba dhamana hurudishwa kwa mteja aliyemaliza, na mimi nilikuwa nimebakiza viwili. Yaya ndiye aliyenyoosha mkono, akakichukua kitabu, akalipa na kusema, "Twende." Ndani ya taksibasi hakuna aliyezungumza. Alikuwa amekipakata kitabu, kidole gumba chake kikipita juu ya maandishi ya jalada yaliyoinuka.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kama huduma ile inafaa, nitakwambia haifai. Ana vitabu ambavyo sijaviona pengine popote mjini, bei yake ni ya haki, havijawahi kupungua ukurasa hata mmoja, na haifai. Mtu anayelisha watu hadithi kwa franka chache anapaswa kuelewa kwamba anachouza ni kutojua, na yule alikula bidhaa yangu mbele ya macho yangu kisha akanidai bei. Hilo ningelisamehe baada ya miezi. La pili, la kumcheka yaya, silisamehi.

Usiku ule nilifanya usaliti. Yaya alipolala nilianza kukisoma kitabu cha nne peke yangu, nikitafuta kuthibitisha kwamba mkodishaji ni mwongo. Hakuwa mwongo. Kitabu chenyewe, nikiri, ndicho bora kuliko vitatu vilivyotangulia. Mama yake Vicki anapiga simu na Vicki hapokei, na baadaye anaambiwa kwamba mama amekufa; halafu maiti inaibwa, na inajulikana kwamba kuna watu wa chuo kikuu wanaoifanyia majaribio ya kuifufua. Hakuna mtu aliyewahi kuacha simu ya mzazi iite ambaye atazisoma kurasa zile akiwa ametulia. Ila nilipofika mwisho, mahali ambapo Vicki amejeruhiwa kiasi cha kufa na Henry anampa damu yake, nilikitupa kitabu kitandani. Vitabu vinne vizima thamani ya mwanamke huyu ilikuwa kwamba yeye ni mtu tu, tena mtu mwenye macho yanayozimika, anayesimama kati ya viumbe vyenye nguvu na kuwashinda kwa akili na ukaidi. Halafu mwandishi anampa dawa! Nilihisi kama Tanya Huff na yule bwana wa mjini walikuwa wamekaa meza moja, wakimcheka dada yangu. Najua si haki kusema hivyo. Mwanamke huyo wa Kanada hakuwahi kumwona yaya. Lakini saa nane ya usiku haki haikuwa karibu nami.

Nilitaka kumficha yaya mwisho huo. Nilipanga kumbadilishia mwisho, nimfanye Vicki apone jeraha hospitalini kama watu, kwani nani angejua? Jioni ya kuimaliza sura ile nilisoma kwa Kiingereza, nikanyamaza muda mrefu kuliko kawaida, na yaya akasema, "Usinitungie. Yule Papa ameshasema." Basi nikamsomea yote, neno kwa neno, hata pale macho yanapoona katika giza kila kitu. Nilingoja alie au akasirike ili nami nipate ruhusa ya kukasirika zaidi. Alifikiri. Kisha akauliza, "Na mchana je?"

Nikamweleza kwamba mchana hauoni tena, kwa kuwa jua lingemuua. Na Henry? Nikamweleza la Henry pia: kwa kanuni za hadithi hii wanyonya damu wawili hawawezi kuvumiliana katika eneo moja, kila mmoja huona mwenzake ni mvamizi, kwa hiyo baada ya muda wa kufundishwa lazima watengane, na aliyempa macho ndiye asiyeweza kukaa naye. Yaya akacheka kicheko kifupi. "Kumbe yule Papa hakusoma," alisema. "Amesoma mahali pa paka tu."

Nimeligeuza jambo hilo kichwani tangu siku hiyo, na hukumu yangu imeanza kulegea, ingawa siipendi kulegea kwake. Huenda mwandishi hakumponya Vicki. Huenda alimbadilishia mlango wa gereza, akajua anachofanya, na mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kupitia mdomo wa mtu mwingine, nikakasirika na mdomo huo. Huenda. Kuna asubuhi ninaona ni mwisho wa ujasiri kuliko yote niliyosoma, na kuna jioni, yaya akihesabu tisa, moja, nne, ninaona mtu aliyestahili kubaki binadamu alinyimwa nafasi hiyo kwa urahisi mno. Siwezi kutoa alama kwa kitabu cha namna hiyo. Anayependa mapenzi na upelelezi katika chungu kimoja avisome, ila avipate pengine, au aende na pamba ya masikioni.

Tatizo ni kwamba kitabu cha tano hakipo pengine. Kiko chini ya rundo la yule bwana pamoja na dhamana yangu, na mimi niliapa mbele ya mvua na mashahidi kwamba sitakanyaga tena pale. Nilimwambia yaya kwamba nitamtuma mwanafunzi. Amekataa. Anataka twende wawili, tena saa sita, jua likiwa utosini, wakati ambapo hashiki bega la mtu, ili kwanza amwone yule Papa usoni vizuri.