Mita ya Sh 15,000 na pikipiki ya mwaka 2009

Niliinunua Tanga mjini kwenye duka la vifaa vya umeme: ile mita ndogo ya njano ya kupimia umeme, yenye kioo juu na kidude cha kuzungusha katikati, namba yake usoni ni 830. Muuzaji alianzia 18,000, tukamalizana kwa 15,000. Sasa ina miezi mitano mikononi mwangu. Kila nikiitoa kwenye foleni ya pantoni hapa Pangani naulizwa kama inafaa, basi naandika mara moja yaishe.

Pikipiki yangu ni ya injini ya CG, ule mtindo Honda waliouanza miaka ya 1970 na Wachina wakauiga mpaka leo. Mimi ni fundi bomba, navuka kwenda Bweni karibu kila siku, na hewa ya chumvi ya huku haiachi shaba ikapumzika. Mwaka jana honi ilianza kukoroma, indiketa zikawa zinawaka bila kupepesa, taa ya mbele inafifia nikiachia resi. Kila baada ya wiki tatu betri chali. Lakini injini yenyewe kiki moja inawaka, kwa sababu CDI ya aina hii, kile kifaa kinachotoa cheche ya plagi, haili kwenye betri, ina koili yake kule kwenye magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Fundi wangu alibonyeza honi, akasikiliza, akasema, "Mzee, hiyo rektifaya." Ndicho kifaa kinachogeuza umeme wa magneto uwe wa kuchajia betri. Nikanunua. Wiki tatu, yale yale. Akasema betri. Nikanunua. Hiyo ikajikaza wiki tano ndipo ikalala. Akasema rektifaya tuliyofunga ilikuwa feki, nikanunua ya pili. Zaidi ya 90,000 zimeshatoka mfukoni na hakuna aliyepima hata waya mmoja.

Siku niliyoileta mita nyumbani nilianza na betri, kidude nikakiweka kwenye 20 ya DC, umeme wa betri. Injini imezimwa: volti 12.4. Nikawasha, nikashikilia resi ya kati, taa ya mbele ikiwaka: 12.5. Pikipiki inayochaji ilitakiwa inipe 14 na ushee. Nikachomoa soketi ya rektifaya, nikageuza mita kwenda AC ya 200, umeme wa magneto kabla haujageuzwa, nikapima waya wa njano unaotoka kwenye magneto: nikipandisha resi namba zinapanda bila kusita, zikapita 50. Koili nzima, basi. Nikarudisha soketi, nikachomeka ncha za mita kwa nyuma yake, nyekundu kwenye waya mwekundu, nyeusi kwenye kijani ambao ndio ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye chasisi na hasi ya betri. 14.3! Rektifaya inafanya kazi yake. Inatoa 14.3, betri inapokea 12.5, maana yake 1.8 inapotelea njiani.

Njia ni mbili tu, nikapima kila moja injini ikiwaka, ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake. Waya mwekundu, kutoka rektifaya hadi chanya ya betri: 0.1. Waya wa kijani, kutoka rektifaya hadi hasi ya betri: 1.7. Mwizi nimemshika. Nikafungua tangi, nikaufuata ule wa kijani mpaka kwenye pete iliyofungwa kwa boliti kwenye chasisi. Kwa juu inang'aa, ukiigeuza ni unga wa kijani mtupu, na nyuzi za waya zilizobaki hazizidi nne. Msasa, pete mpya ya 500, grisi kidogo juu yake. Betri ikasoma 14.1.

Kwa hilo mita imeshajilipa. Sasa kasoro zake, na si chache.

Kubwa ni ule mlio. Kuna sehemu ukiweka, waya ukiwa mzima mita inalia pii. Waya wangu wa ethi, kabla sijaukata, niliupima hivyo: ukalia vizuri kabisa. Uzi mmoja wa shaba unatosha kuifanya mita ilie, ila hautoshi kubeba moto wa taa na honi. Anayetegemea mlio peke yake atazunguka mwezi mzima. Kwa kazi hiyo, ile balbu ya 12V iliyofungwa waya mbili, ambayo wazee wa gereji wanayo tangu zamani, inaishinda mita yangu, kwa sababu balbu inavuta moto kweli na waya mbovu unaumbuka palepale.

Pili, haijizimi. Ukisahau, asubuhi ile betri yake ndogo ya 9V imekwisha. Na ikianza kuchoka haisemi, inaongeza chumvi. Mwezi wa tatu ilinisomea 15.9 pikipiki ikiwa inaunguruma, nikajua rektifaya imepasuka, nusura niende kununua ya tatu. Nikabadilisha kwanza betri ya mita: 14.2.

Tatu, tundu la 10A, la kupimia ampea nyingi, halina fyuzi. Mpwa wangu alichomeka waya mwekundu humo, akagusa betri ya pikipiki ili "aone moto upo kiasi gani". Aliuona. Ncha ya mita iliyeyuka, naye akabaki anapuliza vidole, "Mjomba, sikujua." Mita ilipona, sijui kwa dua ya nani. Tundu lile nimeliziba kwa teipu.

Waya za kupimia zenyewe ni nyembamba mno, mweusi umeshakatikia shingoni mara mbili nikaulehemu. Kioo hakina taa, kwa hiyo usiku utashika tochi kwa meno.

Ningeinunua tena? Ndiyo, hii hii, na siku hiyo hiyo ningenunua waya nene za kupimia na betri mbili za akiba. Anayefanya kazi ya gereji kutwa atafute kubwa zaidi yenye fyuzi.

Betri ya zamani, ile niliyoambiwa imekufa, ilikuwa bandani na makopo ya rangi. Niliichaji nikaipima. Leo ni wiki ya pili na bado inasoma 12.6.