Boksi la rangi tyubu 24: nyeupe imeisha, ya "mwili" bado imejaa

Nimelitumia hili boksi miezi saba sasa kwa hiyo naweza kuliongelea. Ni zile rangi za akriliki tyubu 24, mililita 12 kila moja, niliagiza kwa jamaa Kariakoo elfu 45 na elfu 6 ya kutuma kwa basi mpaka Kigoma. Jina la kampuni siliweki, sitaki kesi na watu. Mi ni mchoraji niko huku Mwanga, nachora sura za watu kwa oda, mabango ya saluni, na sokwe wa kuwauzia wazungu wanaokwenda Gombe, sokwe ndo wanaolipa kodi ya chumba.

Nianze na kilichonichefua. Ndani kuna tyubu imeandikwa kwa kiingereza, maana yake rangi ya mwili. Nikaifungua kwa furaha nikijua leo nimepunguziwa kazi, inatoka pinki. Pinki kama kinda la njiwa halijaota manyoya. Mwili wa nani huo jamani? Utatoka nayo Kibirizi mpaka Ujiji ukilinganisha na watu mmoja mmoja humpati wa kufanana nayo, labda ukutane na mtalii.

Sasa siku hizo nilikuwa na oda ya mama mmoja wa Ujiji, mumewe marehemu alikuwa mvuvi, mweusi tii, mtu wa jua la ziwa miaka na miaka, na picha niliyopewa ni pasipoti saizi iliyofifia. Hitima wiki ijayo, nina haraka, nikachukua ile pinki nikachanganya na kahawia na nyeusi nikapaka. Mama kaja, kaangalia, kanyamaza, afu kaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, baba yako huyu mbona umempaka poda?" Aisee sikuwa na jibu. Mzee katoka wa kijivu kama kaangukia gunia la unga wa muhogo.

Kosa nililijua baadaye. Hiyo pinki imejaa nyeupe, na nyeupe ukiitia kwenye kahawia ya ngozi yetu haileti mwanga, inaleta kupauka. Nikafuta nikaanza upya na kahawia nzito wanayoita bantamba (kwenye tyubu imeandikwa burnt umber) pamoja na bluu ya altramarini, hizo mbili zikikutana zinatoa weusi wenye uhai, ukizidisha kahawia unapata joto, ukizidisha bluu unapata baridi ya kivulini. Kwenye shavu nikatia nyekundu kidogo na njano ya udongo, kwenye paji la uso bluu nyepesi maana mvuvi anaakisi maji na mbingu, nyeupe ikaja mwisho ncha ya brashi tu. Mama akamalizia hela yake na kuku juu. Kwa hiyo bantamba na bluu za hili boksi nazisifu bila kinyongo, nzito, zinafunika vizuri.

Ila boksi lina pinki tatu na nyeusi moja! Na hiyo nyeusi ukiichanganya na njano inakupa kijani. Kuna mchoraji Mmarekani mweusi, Kerry James Marshall, kazaliwa Alabama 1955, watu wake anawachora weusi kwelikweli na anatumia nyeusi za aina tofauti, kuna ya mifupa iliyochomwa, ya masizi, na ya chuma, kila moja ina tabia yake. Mwaka 2018 picha yake moja iliuzwa mnadani New York zaidi ya dola milioni 21. Nilipolijua hilo nikaacha kuona weusi wa mtu kama kitu cha kurekebishwa ili mteja apendeze, na nikianza oda sikuhizi namuuliza kabisa mwenye picha, alikuwa mweusi wa aina gani, wa chai ya rangi au wa mkaa? Wanacheka lakini wanajibu.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nyekundu inafifia. Kuna mteja alinirudishia picha baada ya miezi minne, midomo imekuwa kama ya mgonjwa. Nikapaka kila rangi kwenye karatasi, nusu nikaifunika, nikaibandika dirishani panapopiga jua, baada ya miezi miwili nyekundu na zambarau ndo zimeondoka. Fanyeni hivyo kabla ya kuuza, maana huku mwisho wa reli jina lako likiharibika Mwanga asubuhi jioni limefika Mwandiga.

Shemeji akisikia natoa elfu 51 kwa rangi ananiuliza utaacha lini hii kitu, una miaka 41. Namwambia kuna mchoraji Lubaina Himid, kazaliwa Zanzibar 1954, tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza kaichukua 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza, na mwaka huohuo ndo walifuta lile sharti la umri usizidi 50. Shemeji ananijibu huyo hana kodi ya Mwanga. Haya.

Mabango sasa natumia rangi ya mafuta ya kopo ya hadiwea, Tingatinga mwenyewe alianza 1968 Dar na rangi za aina hiyohiyo, za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, ni bei rahisi na jua haiogopi sana. Boksi nalipa nyota tatu kati ya tano. Zamu ijayo naagiza tyubu mojamoja, nyeupe mbili kubwa, bantamba, bluu, njano ya udongo na nyekundu ya bei. Ile pinki nimeipatia kazi, viganja na nyayo, na machweo ya ziwani kwenye picha za wazungu, bado imejaa. Kama kuna mtu anajua basi la Dar ambalo halipangi mizigo juu ya boksi la rangi aniambie, zambarau yangu ilifika imepasuka.